Muuaji Anayetaka Kuliona Jalada

Katika dakika za mwanzo za filamu ya Ava, iliyoongozwa na Tate Taylor na kutoka mwaka 2020, mwanamke aliyevaa wigi la rangi ya dhahabu anampokea Mwingereza mmoja mwenye fedha nchini Ufaransa na kumwendesha kama dereva aliyetumwa na wenyeji wake. Gari linasimama mahali pasipo na watu na bastola inatolewa. Kabla ya kufyatua risasi, mwanamke huyo, anayeigizwa na Jessica Chastain, anamuuliza abiria wake amefanya jambo gani hata akawepo mtu anayetaka afe. Abiria anababaika, kisha anakufa bila maneno yake kubadili chochote. Swali hilo ndilo linalomponza Ava baadaye, kwa sababu wakubwa wake wanapobaini kwamba ana mazoea ya kuwahoji watu aliotumwa kuwaua, wanaamua kuwa sasa yeye mwenyewe ndiye wa kuondolewa.

Ni rahisi kusema kwamba hapo tunaonyeshwa muuaji mwenye dhamiri, na kuishia hapo. Ninaona kuna jambo mahususi zaidi katika swali lile, na mkazi wa Dodoma yuko mahali pazuri pa kulielewa kuliko mtazamaji wa Boston, mji ambako sehemu kubwa ya kisa inatokea. Ava ni mtumishi wa ngazi ya chini aliyepewa agizo la utekelezaji bila kuonyeshwa jalada. Ametajiwa jina, mahali na muda. Sababu imebaki huko juu. Anachokitafuta kwa yule abiria ni maelezo ambayo ofisi yake ilipaswa kumpa kabla hajapanda ndege. Katika mji ambao serikali ilitangaza mwaka 2016 kuhamia kwa dhati, na ambao mazungumzo yake ya jioni hujaa vibali, sahihi, dokezo sabili (yale maelezo mafupi ya kiofisi) na maagizo kutoka juu, hakuna anayehitaji kufafanuliwa hali ya mtu anayetekeleza jambo asilojua lilianzia kwa nani.

Filamu yenyewe ilitoka katika kipindi cha korona, ikapita zaidi kwenye mitandao kuliko kwenye kumbi, na wahakiki hawakuipokea vizuri. Huku kwetu filamu za aina hii huwafikia wengi kwa njia nyingine, yaani kwa kurushiwa kwenye flashi katika vibanda vya Majengo na Sabasaba hapa Dodoma, au kwa kutazamwa katika kibanda umiza zikiwa zimetafsiriwa kwa sauti ya msimulizi mmoja anayewaigiza wote, mzee kwa kijana, mke kwa mume. (Uhalali wa biashara hiyo ni mada nyingine, na wenye haki zao wana kila sababu ya kulalamika.) Tafsiri hizo zina mtindo uliorithiwa tangu enzi za Lufufu, msimulizi wa filamu aliyevuma nchini, ambao kwao ukimya ni adui. Pale ambapo Chastain anashika bastola na kunyamaza, uso ukiwa ndiyo kazi yote ya mwigizaji, msimulizi hawezi kukubali sekunde sita zipite bure. Atatueleza kwamba dada roho inamsuta, kwamba kazi inamwambia maliza na moyo unamwambia mwache, kwamba huyu mzungu ana watoto nyumbani. Dhamiri ambayo mwongozaji aliiacha ikisiwe kwa macho inageuka kuwa maneno yanayosikika hadi nje ya kibanda.

Watazamaji nao huwa na yao ya kusema. Katika kibanda cha namna hiyo mtu aliyevaa suti na kukaa kiti cha nyuma cha gari la kifahari huhukumiwa mapema. Utasikia mmoja akisema huyo ni fisadi, mwingine akisema atakuwa anauza unga, wa tatu akimhimiza steringi asipoteze muda. Jalada ambalo Ava hana, watazamaji wanamwandikia papo hapo, na wanaliandika kwa kuangalia suti. Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa filamu za wauaji wenye dhamiri unapoonekana waziwazi: zinaniomba mimi mtazamaji nimhurumie muuaji kwa kusita kwake, wakati huohuo zikihakikisha kwamba kila anayekufa amevaa sura ya mtu anayestahili kufa. Kusita kwa namna hiyo hakumgharimu mtu chochote.

Jadi yenyewe ya filamu hizi ni ndefu kiasi, na mahali panapofaa kuianzia ni Nikita, filamu ya Mfaransa Luc Besson ya mwaka 1990. Msichana mlevi wa madawa anamuua askari katika uvamizi wa duka la dawa, anahukumiwa kifungo cha maisha, kisha serikali inatangaza kwamba amekufa na kumchukua kwa siri ili kumfundisha kuua kwa niaba yake. Kuna onyesho moja katika filamu hiyo ambalo naliona bora kuliko mapigano yote yaliyofuata katika aina hii ya filamu. Siku ya kuzaliwa kwake, mkufunzi wake anamtoa kwa mara ya kwanza kwenda mgahawani. Amevaa vizuri, mezani kuna kiboksi cha zawadi, na uso wake ni wa mtoto. Anakifungua na kukuta bastola, kisha anaelekezwa kwa sauti ya upole kwamba mtu wa kuua ameketi karibu na kwamba atatorokea dirisha la chooni. Anaua, anakimbilia chooni, anafungua, na anakuta dirisha limezibwa kwa matofali. Mkufunzi alijua. Lilikuwa sehemu ya mtihani.

Matofali yale yanaeleza uhusiano wa mtumaji na mtumwaji kwa ukamilifu ambao hotuba yoyote isingeufikia. Wahenga wetu walisema mjumbe hauawi, na methali hiyo imebeba mapatano ya kale kwamba anayepeleka ujumbe halipii maudhui yake. Muuaji wa kukodiwa hujificha nyuma ya mapatano hayohayo: mimi nimetumwa, kamuulizeni aliyenituma. Nikita anagundua chooni kwamba aliyemtuma hayatambui mapatano hayo hata kidogo. Kutoka siku hiyo anajua kuwa yeye si mjumbe bali kifaa, na filamu iliyobaki inahusu jinsi kifaa kinavyojaribu kuishi na mchumba aliyempata kwenye mstari wa kulipia dukani. Hollywood iliirudia hadithi hiyo mwaka 1993, kisha ikageuzwa kuwa tamthilia za televisheni zaidi ya mara moja, na kila marudio yalipunguza ukali wa matofali na kuongeza urembo wa mavazi.

Mwaka 1996 ilikuja The Long Kiss Goodnight ya Renny Harlin, ambamo Geena Davis ni mwalimu na mama mpole aliyepoteza kumbukumbu, anayegundua hatua kwa hatua kwamba zamani alikuwa muuaji wa idara ya ujasusi ya Marekani. Davis huyohuyo ndiye anayeigiza mama mzazi wa Ava miaka 24 baadaye, jambo ambalo waliomchagua hawakulifanya kwa bahati, nadhani. Katika filamu hiyo ya 1996 dhamiri imehifadhiwa ndani ya umama: anapokuwa mama ana huruma, anapokumbuka kazi yake ya zamani huruma inayeyuka, na mtoto anapotekwa vyote viwili vinaungana. Ni filamu yenye ucheshi na mwendo mzuri, na ninaipenda. Hata hivyo ilithibitisha njia ambayo waandishi wengi wameifuata tangu hapo, kwamba mwanamke anayeua lazima apewe mtoto, au ndugu, au mimba ya mtu wa karibu, ili tuamini kwamba ndani yake kuna moyo.

Mwanamume hadaiwi hivyo. Besson huyohuyo alipotengeneza Léon mwaka 1994, muuaji wake wa kiume alipewa kanuni fupi: haui wanawake wala watoto. Kanuni haihitaji machozi wala ndugu. Ni sharti la kazi, kama fundi anayesema hachukui kazi siku ya Ijumaa. Muuaji wa kiume akiwa na kanuni tunamwita mwenye heshima zake, na muuaji wa kike akiwa na kanuni waandishi wanaona haitoshi, wanaongeza familia. Ava ameongezewa nyingi kupita kiasi. Anarudi Boston baada ya miaka mingi ya kutoonekana na kumkuta mama yake mgonjwa, dada yake akiishi na mwanamume aliyekuwa mchumba wake yeye Ava, mchumba huyo akizama katika kamari, na chupa ya pombe aliyoiacha ikimwita kutoka kwenye jokofu dogo la hotelini. Kila moja ya mambo haya lingetosha kuwa filamu. Yakirundikwa pamoja yanalifunika swali la dakika za mwanzo, hata katikati ya filamu mtu anaweza kusahau kwamba kosa la huyu dada kazini lilikuwa kuuliza.

Inasikitisha zaidi kwa sababu ndani ya filamu kuna nyenzo ya kulishughulikia swali hilo kikamilifu. Kazi ya Riyadh, ambayo Ava anaifanya akiwa amevaa gauni jekundu, inaharibika kwa sababu taarifa alizopewa zilikuwa na kosa, na mauaji yaliyotakiwa yaonekane kama kifo cha kawaida yanageuka kuwa mapambano ya risasi na walinzi. Yaani jalada lilikuwa bovu. Mtumishi yeyote aliyewahi kubebeshwa lawama ya barua aliyoiandaa mwingine ataelewa hasira yake. Hapo palikuwa na nafasi ya kuuliza: kama walikosea muda na mazingira, wana uhakika gani kwamba hawakukosea mtu? Filamu inaligusa jambo hilo kwa haraka, inaliacha, na inakwenda Boston kuzungumzia baba aliyekuwa na hawara.

Wakubwa wa Ava ni wawili. Duke, anayeigizwa na John Malkovich, ndiye mlezi wake kazini, mzee anayempenda kama binti na anayejaribu kumkingia kifua. Simon, anayeigizwa na Colin Farrell, ni mwanafunzi wa zamani wa Duke ambaye sasa ndiye mwenye kauli ya mwisho. Simon ana mke, watoto na nyumba yenye bustani, na anatoa amri ya kuua huku maisha ya nyumbani yakiendelea pembeni yake. Kati ya wahusika wote, huyu ndiye aliyepaswa kuulizwa kuhusu dhamiri, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua. Filamu inamchukua kama adui wa mwisho wa kupigwa, na mapigano yake na Ava, ambayo ni mabaya, ya kuchosha na yenye ukweli fulani wa watu wazima wanaoumizana hotelini, yanafuatiwa na risasi, si na majibu.

Nimelitaja suala la mwenye sahihi kwa sababu katika nchi yetu mjadala wa dhamiri na kifo umekaa hapohapo. Sheria ya Tanzania inaamuru adhabu ya kifo kwa mtu aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, kwa mujibu wa kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, na mahakama zinaendelea kuitoa. Hata hivyo hakuna aliyenyongwa tangu mwaka 1994, kwa kuwa utekelezaji unahitaji idhini ya Rais. Septemba 2017, Rais John Magufuli alipomwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, alisema hadharani kwamba hatasaini watu wanyongwe. Mtu anaweza kuunga mkono adhabu hiyo au kuipinga, na hoja zipo pande zote; lisilobishaniwa ni mahali ambapo dhamiri ilifanya kazi. Haikuwa kwa askari magereza anayevuta kitanzi. Ilikuwa kwa mwenye kalamu, na kwa sababu ilikuwa huko, anayevuta kitanzi hakuhitaji kumuuliza mfungwa amefanya nini.

Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 22, inamhesabu anayetenda kosa, anayelisaidia na anayemshawishi au kumtuma mwingine alitende kuwa wote ni watendaji wa kosa hilo. Mjumbe haponi, na mtumaji haponi. Waandishi wa filamu za wauaji wa kike wangefaidika kwa kulisoma wazo hilo, maana wao wameligawa jambo moja vipande viwili: lawama yote wamempa bosi ili tumchukie, na majuto yote wamempa mtekelezaji ili tumpende. Bosi asiye na majuto hata chembe ni katuni. Mtekelezaji asiye na lawama naye hana anachoweza kutubu.

Hapa mikoa ya kati tunayo historia yetu ya mauaji ya kukodisha, na inatisha kuliko ya Ava. Katika miaka ya 1940, huko Singida, utawala wa kikoloni ulipambana na mfululizo wa mauaji yaliyohusishwa na watu simba. Miili ilikutwa na majeraha kama ya kucha, watu walishtakiwa, na wengine walinyongwa. Yanayosimuliwa ni kwamba vijana walichukuliwa wakiwa wadogo, wakafichwa mbali na watu, wakavishwa ngozi na kuzoezwa kwenda kwa mikono na miguu, kisha wakakodishwa kwa yeyote mwenye kisasi na jirani yake. Wanahistoria wamejadili ni kiasi gani cha masimulizi hayo kilikuwa ushahidi na kiasi gani kilikuwa hofu. Kwa hoja yangu inatosha kwamba watu wa nchi hii walipotaka kumfikiria muuaji wa kukodiwa, walimfikiria kama mtu aliyenyang'anywa utu kwanza, na hasira yao wakaielekeza kwa mmiliki wake. Nikita, aliyetangazwa amekufa na kulelewa chini ya ulinzi hadi akawa silaha, angeeleweka mara moja pembeni ya moto Singida. Ava, mwenye mshahara mnono na tiketi za daraja la kwanza, angehitaji maelezo zaidi.

Kuhusu nguvu za mwili nitasema kidogo tu. Filamu hizi hushangilia mno jambo la mwanamke kumwangusha mwanamume, kana kwamba hapo ndipo penye habari. Katika mkoa ambao wanawake wa Kigogo ndio wapigaji wa ng'oma za muheme, wakizibana mapajani na kuzipiga hadi uwanja mzima utikisike, nguvu za mwanamke si habari ya kujazia saa moja na nusu.

Mwelekeo wa karibuni unaonyesha swali la Ava litazidi kusahaulika. Ballerina ya mwaka 2025, ambamo Ana de Armas ni muuaji aliyelelewa ndani ya ukoo wa wauaji, inaendeshwa na kisasi cha baba yake, na kisasi hakimhitaji mtu aulize, kwa kuwa jibu alishalipata akiwa mtoto. Ni filamu iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa zaidi kuliko Ava, mapigano yake yana ubunifu, na sidhani kama kuna anayetoka nayo akiwa na jambo la kubishania. Ava ni filamu mbovu zaidi yenye swali bora zaidi. Nikiambiwa nichague ya kujadili na wanafunzi pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nitachukua hiyo mbovu, na nitaisimamisha kabla hawajafika Boston.

Watengenezaji wetu wa Bongo Movie mara nyingi hujitetea kwamba filamu za mapigano zinahitaji fedha ambazo hawana, na ni kweli, magari ya kulipua ni ghali. Lakini sehemu ya Ava inayostahili kuigwa haihitaji hata baruti ya harusini. Inahitaji ofisi yenye feni mbovu, mama wa makamo wa masjala aliyeona jina la mtu likipita katika karatasi isiyo na nambari ya jalada, na mkubwa wake aliyezoea karatasi zirudi zikiwa zimetekelezwa. Mama huyo anapanda ngazi, anabisha hodi, anaweka karatasi mezani na kumuuliza bosi huyu mtu amefanya nini. Dodoma ina korido za kutosha kwa onyesho hilo, na waigizaji wa kike wenye umri na uzito wa kulibeba wapo, ingawa kwa kawaida wanapewa nafasi za mama mkwe. Kazi ngumu itakuwa kumpata mwandishi wa muswada atakayemwacha bosi aketi pale na kujibu, kwa dakika tano nzima, bila mtu yeyote kurusha ngumi.